Hakuna Aliyenifungua

Rahaleo,
Mtwara.
11 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Beatrice,

Kamwene, Shangazi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, jua la huku linanichoma mgongo, nami nakuwaza wewe huko Njombe umejitanda blanketi mchana kweupe. Mvua zinaendeleaje? Kikohozi cha Baba Joyce kimepungua? Na mguu wako uliokuwa unavimba ukisimama zamu ndefu wodini, umepata nafuu? Usiniambie "afadhali", maana wewe husema afadhali hata ukiwa kitandani. Niambie kweli.

Sisi hapa tunaamka. Baba bado yuko bandarini, ila meli za korosho zimepungua kwa hiyo anarudi mapema. Mama ni mzima. Pendo, mdogo wangu, ameingia darasa la tatu na meno ya mbele yameng'oka, siku hizi anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa wowote, na akili yangu haina ugonjwa wowote. Naomba sentensi hiyo uisome mara mbili, kwa sababu barua hii yote naiandika kwa ajili yake.

Unajua tangu nikiwa mdogo mimi si mtu wa maneno. Tulipokuja kwenye msiba wa Babu ulinitania mbele ya wageni kwamba ulimi wangu nimeuazima kwa jirani, siku yoyote atakuja kuuchukua. Watu walicheka, nami nilicheka ndani kwa ndani. Kwenye karatasi naweza kusema zaidi. Isitoshe, simu yangu anayo Mama. Ameifungia kabatini nisije nikaandika kitu cha kuharibu ushuhuda. Barua hii ataipeleka Dada Rehema kwenye basi la Songea, na kondakta ataikabidhi kwa wenzake wa basi la Njombe.

Shangazi, mwishoni mwa mwezi uliopita ulipompigia Baba, simu ilikuwa kwenye spika, kwa sababu sikio lake moja limeharibiwa na kelele za winchi. Mimi nilikuwa jikoni namenya mihogo. Nilikusikia ukisema, "Kaka, Felista nampenda, lakini hapa nina watoto wadogo. Aombewe kwanza mpaka apone kabisa. Mchungaji wenu athibitishe kwa maandishi, ndipo aje kukaa kwangu aanze chuo." Baba alijibu, "Sawa, dada." Nikaendelea kumenya.

Sikulaumu. Umeiona klipu, kama wote walivyoiona. Ila nataka ujue ulichokiona ni nini.

Kanisani kwetu kuna kikundi cha vijana kinachotengeneza filamu za Injili. Kiongozi wake ni Kaka Dickson, ambaye ni fundi wa kompyuta, na sisi sote humwita Dairekta. Nilijiunga nikiwa kidato cha tatu. Nilipenda kwa sababu kwenye filamu mtu anaweza kumhubiri Yesu bila yeye mwenyewe kufungua mdomo. Kazi yangu ilikuwa kushika maandishi na kuwanong'oneza waigizaji waliosahau maneno. Nilikuwa naona Mungu ameitengeneza kazi ile akinifikiria mimi.

Filamu ya mwaka jana ilikuwa ya yule mtu wa makaburini aliyekuwa na jeshi la pepo, aliyekuwa akikata minyororo. Kaka Dickson aliihamishia kwetu. Ng'ambo ya ziwa ikawa ng'ambo ya Ruvuma, makaburi yakawa mikandaa ya Mikindani, miti ile inayoota kwenye tope la bahari, na minyororo ikawa kamba. Nguruwe tuliwaacha, maana hakuna aliyejua Mikindani tungewaazima kwa nani. Mtumishi anayemponya mgonjwa aliigizwa na Mchungaji Anold mwenyewe. Alisema nafasi ile haiwezi kupewa kijana.

Siku ya kurekodi, kaka aliyepaswa kuwa mgonjwa aliitwa bandarini, meli ilikuwa imefika. Kaka Dickson alitutazama wote pale ufukweni, kisha akaninyooshea kidole.

"Felista anajua kila neno. Tena kwa sura yake hiyo ya kuogopa, hatuna haja ya kumpaka chochote."

Wenzangu waliangua kicheko. Nilitaka kukataa, Shangazi. Lakini kukataa nako kunahitaji kusema.

Kamba tulinunua dukani kwa Mama Aminabai, yule bibi wa Kihindi mwenye duka la vyombo pale Mikindani. Ilikuwa ya katani, nene, ya kufungia magunia. Walinipigisha magoti topeni wakanifunga mikono nyuma ya mkandaa, maji yakiwa mbali. Ilikuwa iwe sini fupi. Lakini Mchungaji alikuwa akisahau maneno yake, na mkumbushaji ndiye mimi niliyefungwa. Wakarudia, wakarudia tena. Maji yakaanza kujaa. Katani ikilowa hubana, jambo hilo sikulijua. Vidole vilikufa ganzi. Wao walikuwa wamesimama na maji yamewafika magotini, mimi niliyepiga magoti yalinifika kifuani.

Ndipo nikasema, "Anko, nifungue."

Maneno hayo hayakuwamo kwenye maandishi. Mchungaji Anold, ambaye sisi vijana humwita Anko, alidhani nimezidisha uigizaji. Akaniwekea mkono kichwani akapaza sauti, "Toka!" Nikalia, "Nifungue, nakufa, nifungue!" Akauliza, kama ilivyo kwenye Injili, "Jina lako nani?" Nikamjibu, "Ni mimi Felista! Nifungue mikono!" Neno "mikono" walilifuta baadaye kwenye kompyuta.

Kikundi chetu kina sheria. Hakuna anayesogea mpaka Dairekta aseme "kata". Kaka Dickson hakusema kata. Alikuwa nyuma ya kamera anatikisa kichwa kwa furaha.

Aliyekata ni Dada Rehema, mpishi wa kikundi chetu. Aliingia majini na kanga yake na kisu chake cha nyanya, anawatukana kwa Kimakonde matusi ambayo Mchungaji hakuyaelewa, Mungu ashukuriwe. Fundo lilikuwa limekazana, halifunguki. Alilikereza kwa kisu mpaka kamba ikaachia, nami nikaanguka kifudifudi kwenye tope. Kwenye filamu utaona naanguka, picha inaruka, kisha nimevaa gauni jeupe natabasamu. Rehema na kisu chake hawamo.

Kaka Dickson alinishika bega. "Felista! Kumbe una kipaji namna hii, ukatuficha?" Mchungaji alisema Roho ametembea. Na mimi nilifurahi, Shangazi, sitakuficha. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu mbele ya watu. Nilirudi nyumbani natazama alama za kamba mikononi kama mtu aliyevishwa bangili.

Basi, kabla filamu haijakamilika, Kaka Dickson alitoa kipande kifupi kiwe tangazo. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa, BINTI WA MTWARA AFUNGULIWA. Mwishoni kabisa kulikuwa na maneno kwamba filamu inakuja hivi karibuni. Lakini watu walipokiweka kwenye stetasi zao kikakatika kabla ya hapo, na kilichosambaa ni hicho kilichokatika. Kikaenda Masasi, kikaenda Lindi, kikaenda Dar es Salaam, na mwisho kikapanda milima mpaka kwako. Kote huko, nikisema "nifungue", watu wanasikia pepo linasalimu amri. Hakuna anayesikia mtu aliyefungwa kamba.

Siku hizi nikipita kijiwe cha bodaboda pale Magomeni wanabana sauti ziwe za kike, "Anko, nifungue! Nakufa, nifungue!" Mmoja hunifuata polepole na pikipiki. "Dada, leo tufungue nini, mikono au sketi?" Wenzake wanapiga honi. Nikikaza mwendo, wanasema, "Muacheni, asije akatuhamishia." Watoto wa mtaani kwetu nao wamepata mchezo mpya. Mmoja anafungwa kanga kwenye nguzo ya umeme, wengine wanamzunguka wanamkemea. Pendo anacheza nao. Yeye ndiye huwa mimi.

Nyumbani Pendo amehamia kitanda cha Mama. Alisema kwa upole kabisa kwamba pepo likimtoka mtu huingia kwa aliyelala karibu.

Nilimfuata Kaka Dickson nikamwomba aandike tu kwamba ile ni filamu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo tangu asubuhi. Alinitazama kama mtu ninayemkaba.

"Mdogo wangu, watu wanaokoka. Wanakuja kanisani wanalia. Unataka kusimama kati yao na Mungu kwa sababu ya aibu yako?"

Jibu nililipata baadaye nikifua, kama kawaida yangu. Yesu alisimulia habari za kijana aliyekula urithi akaishia kulisha nguruwe, na hakuna aliyekwenda kumtafuta kijana yule ili aone alivyokonda. Wote walijua ni mfano, na mfano ukawachoma vilevile. Kwa nini hadithi yetu sisi iwe lazima uongo ndipo iokoe watu? Hilo ndilo nililotaka kumwambia. Nililiambia beseni.

Mtu pekee aliyesema kweli mbele za watu ni Mama Aminabai. Mjukuu wake Danish alimwonyesha klipu kwenye simu, naye akacheka dukani mpaka miwani ikamshuka. "Pepo gani? Kamba hiyo nimeuza mimi, mpaka punguzo wameomba! Mtoto huyu mzima kabisa, nimempaka mafuta ya nazi mkononi kwa mkono wangu mwenyewe." Nilikimbia kumweleza Mama. Mama alisema ushahidi wa mwenye duka si ushahidi wa kiroho.

Haya yote ningeyavumilia, Shangazi. Ni aibu, na aibu nimeizoea. Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nishindwe kula.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Msimbati, huko karibu na mdomo wa Ruvuma. Anaitwa Mwanakombo. Si Mkristo, lakini aliiona klipu akaja na binti yake, Nasra, ambaye bado yuko shule ya msingi. Nasra ana kifafa. Alikuwa akinywa vidonge vya zahanati na alikuwa akiendelea vizuri. Mama yake amemwachisha, kwa kuwa binti wa kwenye simu hakunywa vidonge.

Mwanakombo aliivuta mikono ya mtoto mbele yangu ili niione, anajivuna kidogo, kama mwanafunzi anayempa mwalimu kazi aliyoifanya nyumbani. Vifundo vya mikono vilikuwa vidonda vibichi.

"Tulimfunga kama wewe, mwanangu. Kwenye mkandaa, na maji yakajaa. Ila huyu hakusema 'nifungue'. Alinyamaza tu, macho yakageuka. Wewe ulisemaje hata likakutoka?"

Nikamwambia, "Mama, ile ni filamu. Nilikuwa naigiza. Sikuwa mgonjwa. Mrudishe kwenye dawa, nakuomba."

Alinishika mikono yote miwili. "Usininyime, mwanangu. Kama kuna siri ulifanya, nipe na mimi."

"Hakuna siri, Mama."

"Au ni kwa kuwa sisi si wa dini yenu?"

Nasra alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama malaika. Alikuwa amejichora hina kwenye kucha kwa ajili ya kuja kuniona.

Siku hiyo niliamua kusema. Kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani Magomeni, na filamu nzima ilikuwa ionyeshwe kwa mara ya kwanza kwenye turubai jeupe. Baada ya filamu nilitakiwa nipande jukwaani nishuhudie. Nilijifunza sentensi zangu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani: "Ndugu zangu, mliyoiona ni filamu. Sikuwahi kuwa na pepo. Wagonjwa wenu wapelekeni hospitali, kisha tuwaombee." Nilizisema mbele ya kioo, nikazisema chooni. Nilikuwa na uhakika.

Kisha nikapewa kipaza sauti, Shangazi, nikaona macho yale yote yananingoja, na sentensi zangu zikapotea. Nilichokiona kichwani ni kamba tu. Nikasema,

"Mchungaji hajanifungua."

Nikasikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye maspika ya upande wa pili. Nikajitahidi kusahihisha. "Hakuna aliyenifungua. Bado nilikuwa nimefungwa, ndipo..." Nilitaka kusema ndipo Rehema akakata kwa kisu. Uwanja mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Nikazidi kuharibu. "Namaanisha, sikufungwa na pepo. Nilifungwa na Kaka Dickson."

Mtu mmoja alicheka. Kisha mama mmoja wa mbele akasimama akapiga kelele, "Limerudi! Sikilizeni, linakana! Linamtaja mtumishi kwa jina!"

Walinijia. Sikuona tena watu, niliona viganja tu. Kila niliposema mimi ni mzima walizidi kukemea, na nilipochoka nikanyamaza walisema la uongo limetoka, limebaki la ububu. Nilisukumwa, nikaanguka, wakashangilia kuanguka kwangu. Mchungaji Anold akampa Mama kipaza sauti.

"Mama, mtoto huyu alianza lini kutosema na watu?"

Mama akajibu huku analia, "Tangu mdogo, Mchungaji. Wageni wakija anajificha chumbani."

"Mnasikia, kanisa? Tangu mdogo!"

Mama hakusema uongo, ndiyo maana inaniuma hivi. Yule ni mimi. Ni haya yangu niliyozaliwa nayo, ile uliyokuwa ukinitania. Sasa imepewa jina la pepo, na Kaka Dickson amerekodi yote.

Mwanakombo alikuwa palepale mbele. Nilimwona nikiwa chini. Alikuwa amemkumbatia Nasra na anaitikia amina pamoja na wengine, kwa furaha, kwa sababu sasa alikuwa ameona kwa macho yake namna inavyofanyika.

Baba alisimama nje ya uwanja muda wote. Tulipofika nyumbani nilimwuliza kama yeye anaamini. Alivua viatu taratibu. Akaniambia, "Huku hatuna ukoo, mwanangu. Siku mmoja wetu akifa, watakaokuja kuchimba kaburi ni hao hao. Vumilia." Akaenda kuoga. Mimi nikafahamu kwamba haamini, na kwamba hatasema.

Wiki iliyopita Mchungaji alikuja nyumbani, akanywa chai, akaongea nami kwa upole sana. Amekubali kuandika uthibitisho unaoutaka wewe. Sharti lake ni moja. Mwisho wa mwezi huu, kwenye bamvu, maji yanapojaa kuliko siku nyingine zote, watampeleka Nasra kwenye mikandaa ile ile ya Mikindani wamrekodi kwa ajili ya sehemu ya pili. Kaka Dickson alikuwa amekaa pembeni, macho yanang'aa. "Safari hii hakuna maigizo," alisema. Mimi natakiwa nisimame karibu na mtoto, nimshike mama yake mkono na kumwambia kwamba nami nilifungwa, nikalia, nikapona, kwa hiyo asiogope, asimfungue mapema.

Nikifanya hivyo, nimepona. Nakuja Njombe, naanza chuo cha uuguzi mwezi wa tatu. Nisipofanya, basi bado ninaumwa. Yaani, Shangazi, ili wanikubali kuwa mzima ni lazima kwanza niseme niliumwa, na ili waamini ninachosema ni lazima mtoto mwingine afungwe.

Nilimwuliza Mchungaji swali moja, kwa sauti ndogo mpaka akaniambia nirudie. Nilimwuliza: kwenye Injili, aliyemfunga yule mtu ni nani? Maana ninavyosoma, waliomfunga ni watu wa mji. Yesu alimkuta tayari amefungwa na kukata minyororo, wala hakuagiza afungwe tena. Mchungaji aliweka kikombe chini. Akamwambia Mama, "Mnaona linavyojua Maandiko." Mama akaanza kulia tena, na simu yangu ikachukuliwa jioni ile ile.

Sijaacha kumpenda Yesu. Naomba usidhani hivyo. Naomba kila siku, ila nimeanza kuomba kimyakimya, kwa sababu nikionekana nafumba macho Mama huita majirani.

Wewe ni muuguzi, Shangazi. Sina haja ya kukueleza kifafa ni nini. Nakumbuka yule kaka aliyeanguka sokoni tulipokuja likizo Njombe, watu wakitaka kumkandamiza, wewe ukawafukuza wote, ukamlaza ubavu, ukamkunjia kitenge chako chini ya kichwa, ukakaa naye kwenye matope mpaka akafumbua macho. Hukumfunga, wala hukumkemea. Ulimwuliza jina lake, naye akakwambia. Mimi niliamua kuwa muuguzi siku ile, ila sikukwambia. Kwa hiyo nilipokusikia kwenye simu ukitaka uthibitisho wa Mchungaji, mihogo ilinianguka. Nilidhani katika dunia nzima umebaki wewe.

Sasa nakuomba jambo moja, na si nafasi ya kulala. Mpigie Baba kabla ya mwisho wa mwezi. Wewe ni dada yake mkubwa na hajawahi kukukatalia kitu. Mwambie aende Msimbati na Dada Rehema, wamwone mwenyekiti wa kijiji na mganga wa zahanati, Nasra arudishwe kwenye vidonge vyake na asipelekwe mikandaani. Mwanakombo mwenyewe pia mpigie. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mimi hanisikii, ananiona namficha siri. Pengine atamsikia mtu anayevaa sare nyeupe kweli. Mwambie maji hayaponyi kifafa. Mwambie mtoto akinyamaza na macho yakageuka, hapo ndipo anakufa. Sema wewe, maana mimi nikisema wanahesabu mapepo.

Kama hutanipokea, bado naomba upige simu hizo mbili.

Kuhusu mimi, nimeamua. Sitasimama pale karibu na mtoto. Nimekwisha kumwambia Mama, kwa maneno yangu, bila kutetemeka sana. Najua uthibitisho hautaandikwa, na chuo kitafunguliwa bila mimi. Nimelia, nimemaliza. Ukiona unaweza kunipokea hivihivi, bila karatasi ya mtu, nitakuja na begi langu na nitasema kidogo kama zamani. Lakini nipokee mimi Felista ambaye sikuwa mgonjwa. Yule binti aliyepona simfahamu, na siwezi kukuletea mtu nisiyemfahamu ndani ya nyumba yenye watoto.

Nisalimie Joyce, mwambie vitabu vyake vya Biolojia bado ninavyo na sijavichafua. Nisalimie Baba Joyce na Bibi. Baba, Mama na Pendo wangekusalimu kama wangejua kwamba naandika. Dada Rehema anakusalimu kwa jina lako kamili, anasema mtu anayeishi kwenye baridi namna hiyo lazima ana moyo mgumu au ana moyo mzuri, na yeye anangoja kuona ni upi.

Mungu aitie nguvu mikono yako kazini, na katika nyumba yako asipungue mtu. Wale wadogo usiwaonyeshe klipu. Kama wamekwisha kuiona, waambie tu kwamba dada yule alikuwa anaogopa maji.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata ukinyamaza,

Felista